Moshi wa Nyumba Isiyo na Mtu

"Hivi bibi yako anampikia nani mle ndani?"

Aliyeniuliza alikuwa Kaka Salimu, mkata tiketi wa kijiji cha makumbusho kilichokuwa juu kidogo ya mji wa Lushoto. Nilikuwa darasa la pili. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nje ya nyumba ya msonge, miguu haifiki chini, nalinda kapu la mapeasi yaliyobaki sokoni. Nyuma yangu moshi ulikuwa unapenya paa lote, si kwa tundu moja kama moshi wa jikoni kwetu, bali kila mahali kwa wakati mmoja, taratibu, kama mvuke unavyotoka mgongoni mwa ng'ombe asubuhi ya baridi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Na katika nyumba ile, kama kila mtu alivyojua, hakuna aliyekuwa akiishi.

Sikuwa na jibu. Kwa mtoto mwingine lingekuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, na kwa nini mwalimu anaruhusiwa kuchelewa. Kukosa jibu kuliniwasha kama upupu.

Swali la Kaka Salimu lilinirudia mwezi uliopita, baada ya shangazi kuniletea begi la nguo kutoka nyumbani. Ndani yake kulikuwa na sweta la kijani la Bibi. Nililivuta tu, chumba changu cha kupanga hapa Dar es Salaam kikajaa harufu ya moshi wa kuni za miwati. Wewe uliyekulia milimani unaijua harufu hiyo. Ni kali kidogo, ina utamu wa gome bichi, na ikishaingia kwenye sufu haitoki kwa sabuni yoyote. Nilikaa nalo mapajani huku feni inazunguka, nikawa tena na miaka minane.

Kijiji chenyewe kilikuwa mteremko mmoja uliozungushiwa ua wa michongoma. Ukiingia getini ulikutana kwanza na banda la mhunzi, lenye mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi na kipande cha reli kilichotumika kama fuawe. Mbele kidogo palikuwa na banda la wafinyanzi, vyungu vimepangwa kwa ukubwa kama familia inayopigwa picha. Kulikuwa na ghala la mahindi lililosimama juu ya miguu minne, mfereji wa maji uliochimbwa kama wazee walivyochimba, na mwisho kabisa, chini ya miwati, nyumba ya msonge. Ilianzia ardhini na kupanda mpaka kileleni bila ukuta. Paa lilikuwa ndilo ukuta. Wageni walipiga picha mbele yake zaidi ya mahali pengine popote, kisha waliinama, wakachungulia giza la ndani, wakasema loo, na kuondoka.

Ile nyumba aliijenga babu yangu. Walipoanzisha makumbusho walizunguka vijiji wakitafuta mtu anayejua kupinda fito na kuzifunga kwa kamba za mgomba bila msumari hata mmoja, wakampata yeye na wenzake wawili, wazee tayari. Yeye alikuwa amezaliwa na kukulia katika nyumba ya namna hiyo, huko juu, kabla bati halijafika kila mahali. Walijenga kwa muda mrefu, wakasifiwa, wakapigwa picha. Wenzake wakatangulia. Kisha Babu naye akaanza kukohoa, na masika hayakuisha kabla hajafa.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililozaa mengine yote. Kwetu wanawake hawaendi makaburini kuzika. Wanabaki nyumbani na kilio chao, na watoto wa kike wanabaki nao. Kwa hiyo mimi sikumwona Babu akiwekwa ardhini. Nilichokiona, nikiwa nimepanda juu ya mtungi uliofudikizwa nyuma ya nyumba, ni wanaume wengi wakibeba jeneza lililofunikwa shuka la kijani, wakipokezana mabega, wakiteremka na barabara. Na barabara ile niliijua inakoelekea. Ilielekea makumbusho.

Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya makumbusho barabara inaendelea.

Mimi ndiye niliyeishi na Bibi, kwa sababu mama alikuwa mwalimu wa shule ya mbali, upande wa pwani, na alikuja likizo tu. Babu alikuwa akiniita mke wangu, kama mababu wanavyofanya, na Bibi akiniita mke mwenzangu, na tulikuwa na ugomvi wa uongo na kweli juu ya nani angepewa paja la kuku. Baada ya arobaini Bibi aliendelea kuniita mke mwenzangu. Nililichukua jambo hilo kama uthibitisho kwamba mume wetu hajaenda mbali.

Na kila siku ya gulio, tulipomaliza kuuza karoti na mapeasi, hatukurudi moja kwa moja nyumbani. Tulipanda makumbusho. Kaka Salimu alitupitisha bila tiketi, kwa heshima ya marehemu. Bibi alikuwa na mzigo mdogo wa kuni za miwati na kichungu chenye masizi. Aliniweka juu ya jiwe, akaniachia kapu, akaingia, akafunga mlango. Baada ya muda moshi ulianza.

Siku ile ya swali, tulipokuwa tunarudi, nilimuuliza.

"Bibi, unampikia nani mle?"

"Sipiki."

"Mbona una chungu?"

"Kina maji. Moto hauwashwi ukaachwa bila kitu juu yake, ni kuchezea kuni."

"Sasa kama hupiki, moto wa nini?"

"Wewe mke mwenzangu," alisema, akihamishia kapu mkono mwingine, "ukikua uwe hakimu. Watu watakiri wenyewe wapumzike."

Nadhani aliona jambo lenyewe liko wazi kiasi kwamba halihitaji kuelezwa, kama mtu asivyomweleza mtoto kwa nini anafagia. Lakini mimi nilikuwa na masikio. Nilikuwa nimeshashuka kwenye jiwe mara kadhaa na kuliweka sikio kwenye majani ya paa, na nilimsikia akiongea. Aliongea Kishambaa, kwa sauti ya kulalamika anayoitumia mke kwa mume aliyezoeana naye. Alisema hapa umefunga vibaya, nilikuambia. Alisema umeniachia kazi na magoti yangu haya. Kisha alinyamaza, kama anayesubiri jibu, na mara moja nilimsikia akicheka.

Basi nikapanga mambo yangu. Wanaume walimbeba Babu kuelekea makumbusho. Bibi anakwenda makumbusho na kuni na chungu, anafunga mlango, anaongea na mtu, anacheka. Ndani ya nyumba, juu ya mafiga, kulikuwa na dari la fito la kukaushia mahindi ya mbegu, refu vya kutosha mtu kulala. Nililiona siku moja mlango ulipoachwa wazi. Babu alikuwa juu ya dari. Kwa nini alikuwa huko na si nyumbani sikujua, ila nilidhani ni mambo ya kikohozi chake, kwamba moshi ulikuwa dawa.

Lakini sikutaka kuamini tu. Hata wakati ule sikupenda kuamini tu. Gulio lililofuata nilijipenyeza ndani Bibi alipokwenda mferejini kuchota maji, nikapanda juu ya kigogo na kuweka kiazi kitamu cha kuchoma kwenye ukingo wa dari. Gulio lililofuata kiazi hakikuwepo. Inawezekana Bibi alikitoa, nilifikiri. Kwa hiyo mara ya pili niliweka vitu viwili: nusu andazi na kokoto nyeupe. Wiki ikapita. Kokoto ilikuwepo palepale nilipoiweka. Andazi halikuwepo.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mhadhiri alipotueleza namna ya kujaribu dhana kabla ya kuikubali, mimi nilifikiria kokoto yangu. Jaribio lilikuwa zuri. Hitimisho ndilo lililokuwa baya.

Kosa langu kubwa halikuwa kudhani. Lilikuwa kuuliza mahali pasipofaa. Jioni moja madrasa, Maalimu alikuwa anatufundisha kwamba mtu akifa matendo yake yamekatika, hali wala hanywi chakula cha dunia hii. Nikanyoosha mkono.

"Maalimu, mbona babu yangu anakula viazi?"

Wenzangu walicheka. Maalimu hakucheka. Aliniuliza polepole, kwa upole, anakula wapi, na nani anampelekea. Nami nikajibu kila kitu kwa usahihi mkubwa, nikiona fahari kuwa na ushahidi.

Mji wetu ni mdogo. Kabla ya gulio kufika, ilikwisha kusemwa kwamba Bibi anafanya tambiko makumbusho, anamlisha marehemu. Mwanamke aliyekuwa akiuza kabichi pembeni yake kwa miaka alihamisha turubai lake. Maalimu alikuja nyumbani, akaongea na Bibi barazani, kwa adabu, nami nikafukuzwa nikachote maji. Niliporudi Bibi alikuwa anafunga mzigo wa kuni. Hakuniuliza neno. Na tulipofika makumbusho na kuni zetu, Mhifadhi mwenyewe, mkuu wa makumbusho, alikuwa anatusubiri mlangoni pa nyumba ya msonge.

Mhifadhi alikuwa kijana kutoka Singida, amesomea kazi yake, amefika Lushoto miezi michache tu iliyopita. Baridi ilikuwa inamtesa. Alivaa makoti mawili, moja juu ya lingine.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Baridi inakuonaje?"

Alisema inamwona vizuri mno. Kisha akasema kilichomleta, kwamba moto umekatazwa ndani ya nyumba za majani, na tangazo liko getini.

"Nimeliona," alisema Bibi. "Sijui kusoma, ila nimeliona."

Kaka Salimu, aliyekuwa amesimama nyuma, alianza kucheka akajirekebisha. Mhifadhi aliendelea. Alisema cheche moja inatosha. Alisema nyumba hii ni ya taifa zima, si ya familia. Halafu akashusha sauti na kusema kuna maneno mengine pia yanazunguka, kwamba anamlisha marehemu humu, na watu wamelalamika.

"Marehemu wangu," alisema Bibi, "hata alipokuwa hai hakuwahi kumaliza sahani. Nitamletea chakula sasa?"

Akamshika Mhifadhi mkono, kama anayemshika mtoto kumvusha barabara, akamwingiza ndani. Mimi nikawafuata. Bibi alichukua ufito, akagonga paa juu ya mafiga. Palikuwa peusi, pagumu, panang'aa kama ngozi ya ngoma, pakatoa mlio mkavu. Kisha akaugonga upande wa pili, mbali na mafiga, ambako moto wa mara moja kwa wiki haukufika vizuri. Majani yakamwagika kama unga, na ndani ya unga ule vilikuwa vinajinyonganyonga vidudu vyeupe.

"Bungua," alisema. "Na ukungu wa huku kwetu. Moshi ndio unaoishika hii nyumba, si kamba. Nyumba ya namna hii ukiinyima moto inakuozea kichwani. Aliyeijenga aliniambia hivyo siku mbili kabla ya kufa. Hakusema kuhusu shamba, hakusema kuhusu ng'ombe. Alisema, ile nyumba isikae bila moshi. Ndiyo kazi pekee ya mikono yake iliyobaki imesimama duniani. Sasa wewe niambie nifanyeje."

Mhifadhi aliandika yote katika daftari lake. Nadhani alimwamini nusu. Lakini alisema hawezi kuvunja agizo kwa maneno ya mtu mmoja, na kwamba ataandika barua juu, na mpaka majibu yarudi, moto hapana. Akatoa kufuli jipya mfukoni. Bibi alimtazama akilifunga. Kisha akaniambia nimtwishe kuni zake, tukarudi nazo nyumbani.

Wewe unafikiri hapo ningekuwa nimeelewa. Nilielewa kuhusu moshi, ndiyo. Lakini maelezo ya moshi hayakugusa swali langu. Moshi ulikuwa wa nyumba, sawa, na viazi je? Nani alikula andazi na kuacha kokoto? Ushahidi wangu ulikuwa palepale, na sasa ulikuwa wa kutisha. Maana kama Babu alikuwa juu ya dari, basi alikuwa amefungiwa, bila moto na bila chakula, na aliyesababisha ni mimi na mkono wangu wa kunyoosha.

Mvua zikaanza, zile ndefu zinazofuatwa na ukungu hata usione shamba la jirani. Barua haikurudi. Tuliporudi kutoka gulioni Bibi alisimama getini pa makumbusho, akatazama juu ya ua wa michongoma. Paa lilibadilika rangi. Kwanza lilipoteza weusi wake, kisha likawa na mabaka ya kijani, kisha siku moja uyoga ukatokea karibu na kilele, mweupe, kama masikio. Bibi alihesabu tu magoti yake, kama alivyoita kupumzika, kisha tukaendelea. Nyumbani alianza kulala mapema. Aliacha kunichokoza juu ya paja la kuku. Aliacha kabisa kuchinja kuku.

Nilivumilia magulio manne. Wiki ya tano nilitoroka shule wakati wa mapumziko, na viazi viwili vya kuchemsha ndani ya mfuko wa daftari, nikapanda makumbusho peke yangu. Kaka Salimu alitaka kunirudisha. Nikamwambia nina shida na Mhifadhi. Akaniuliza shida gani mtoto mdogo kama mimi anaweza kuwa nayo na mkubwa wake, nikasema ya kiofisi.

Mhifadhi alikuwa kwenye meza yake na chai. Nilimwamkia. Nilimwambia nimekuja kuomba mlango ufunguliwe, si kwa ajili ya moto, kwa ajili ya Babu, kwa sababu hajala tangu mvua zianze. Nikamweleza kuhusu jeneza na barabara. Nikamweleza kuhusu kiazi, andazi na kokoto. Nikamwambia kwamba aliyemsema Bibi kwa Maalimu ni mimi, na Bibi hajui viazi vilikuwa vyangu.

Mtu mzima mwingine yeyote niliyemfahamu angecheka, au angenibembeleza, au angeita mtu anirudishe shule. Yeye aliuliza maswali mawili. Kokoto ilikuwa kubwa kiasi gani? Na ilikuwa palepale kabisa, haikusogea? Kisha akachukua tochi na funguo.

Mlango ulipofunguka ilitoka harufu ya kitu kilicholala majini. Alipanda juu ya kigogo changu, akaingiza kichwa na mabega kwenye dari, akamulika. Majani yaliyooza yalimwangukia kwenye kola ya koti la juu. Alikaa huko kwa muda.

"Hakuna mtu," alisema.

"Umeangalia vizuri?"

"Njoo uangalie mwenyewe."

Akashuka, akaninyanyua mpaka kichwa changu kikafika juu ya fito, akanipa tochi. Niliona kokoto yangu. Nyuma yake niliona tundu la panya lililotandikwa majani ya migomba yaliyotafunwa laini, maganda ya viazi, na vitoto vitano vyekundu visivyo na manyoya, vimelala mmoja juu ya mwingine. Nilimulika kila kona. Nilimulika tena. Dari lilikuwa tupu kuanzia upande huu hadi ule, na juu yake, mahali pengi, mwanga wa mchana ulikuwa unapenya.

Nilimuuliza Mhifadhi, nikiwa bado juu mikononi mwake, ile barabara inakwenda wapi ikishapita hapa. Hakujua. Alimwita Kaka Salimu, naye akajibu kutoka mlangoni, bila kujua anajibu nini, kwamba inakwenda makaburini, chini kule penye mivinje.

Hapo ndipo babu yangu alipokufa, kwangu mimi. Nililia hadi nikapata kwikwi. Mhifadhi hakujua la kufanya na mtoto anayelia, akanivua viatu vilivyolowa na kuviweka karibu na jiko la mkaa la ofisini, akanipa chai yake. Yeye alirudi kusimama nje kwenye mvua, akitazama lile paa, akalisukuma kwa kidole. Kidole kikazama chote.

Alikuja nyumbani kesho yake saa za asubuhi, na kilo mbili za sukari. Bibi alimwacha asubiri barazani mpaka amalize kupepeta maharage, na hayakuwa mengi. Alipotoka, Mhifadhi alisimama, akaamkia, akasema amekuja kuomba.

"Kuomba nini? Barua imerudi?"

"Haijarudi, Bibi. Paa halitaisubiri."

"Na tangazo?"

"Tangazo nitaliongezea mstari."

Walijadiliana kama watu wanaouziana ng'ombe. Yeye alitaka ndoo ya mchanga na ndoo ya maji mlangoni, na mtu asiondoke moto ukiwa unawaka. Bibi alikubali, akasema hilo hata mtoto anajua. Yeye Bibi alitaka moto uwashwe kila siku na si siku za gulio tu, funguo zikae kwake, na vijana watano wa kubandua upande uliooza kabla jua halijapotea tena. Mhifadhi alikubali yote. Kisha Bibi akataka jambo la mwisho, kwamba Maalimu aalikwe aje akae ndani ya nyumba ile mchana mmoja, anywe chai, aone kinachopikwa. Maalimu alikuja. Alitoka na macho mekundu ya moshi, akamwambia kila aliyemuuliza kwamba mle hamna kitu ila joto na maneno mengi ya Bibi. Gulio lililofuata turubai la kabichi lilirudi mahali pake.

Kuhusu viazi, nilikiri mwenyewe. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Kwa hiyo ulikuwa unampelekea chakula mume wangu bila kuniambia." Kisha akacheka hadi akashika ukuta, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, na jioni ile kuku alichinjwa.

Alikaa katika ile nyumba karibu kila siku kwa miaka mingi. Mwanzoni aliwasha moto tu na kusukuma kuni. Kisha wageni wakaanza kumuuliza maswali, kisha shule zikaanza kumtaka, na makumbusho yakampa kiti cha miguu mitatu karibu na mafiga. Nilimsikia akiwahutubia wanafunzi kutoka Soni, Mlalo, hata Tanga mjini. Alisema sisi wasichana tulilala upande huu, ili mama atusikie. Alisema ndama alifungwa pale, na usiku wa baridi pumzi yake ndiyo ilikuwa blanketi letu. Alisema mgeni akiingia anapita kulia, na akipita kushoto tulijua si mwenzetu. Mwanafunzi mmoja mkaidi alimuuliza kama moshi haukuwaumiza macho, naye akamjibu kwamba macho ya zamani yalikuwa ya kazi, ya sasa ni ya kutazamia simu. Mimi, nilipokuwa sekondari na kila kitu nilikitilia shaka, dini, siasa, vitabu vya historia, nilikaa nyuma ya wale watoto na kumsikiliza kwa utulivu kamili. Nilimhoji kila mtu. Yeye katika jambo hilo sikumhoji.

Amefariki mwaka huu, akiwa mzee sana, kitandani mwake. Paa liko, jeusi na gumu, na binamu yangu ndiye anayewasha sasa.

Siku ya arobaini wanawake tulikuwa uani tunamenya ndizi, nami nikawa nawasimulia wajukuu wadogo jinsi bibi yao alivyokulia ndani ya nyumba ya msonge, na pumzi ya ndama. Mdogo wake Bibi, aliyekuwa amefika kutoka Zirai na viatu vya mpira, aliacha kumenya.

"Nani aliyekulia kwenye msonge?" aliuliza. "Sisi tumezaliwa kambini, kwenye mashamba ya chai, upande wa Amani. Bati juu, simenti chini, bomba nje."

Nikamwambia labda yeye mdogo hakumbuki. Akanitazama kama mtu anayemtazama msomi. Akasema anakumbuka vizuri, na anakumbuka pia siku dada yake alipoingia nyumba ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, kwa sababu walikuwa pamoja, wote wawili tayari wana wajukuu. Ilikuwa pale makumbusho, siku Babu alipomaliza kuijenga. Babu alimshika mkono akamzungusha ndani, akimwonyesha mama yake yeye Babu alilala wapi, dada zake walilala wapi, ndama alifungwa wapi, na Bibi akawa anamrudisha nyuma na kumwambia rudia, rudia tena, mpaka jua likazama.